Santuri: Jinsi ya Kuchagua Wimbo wa Kale

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yaweza kuwa kweli sokoni kwetu Kanja, kwenye ndizi na viazi, lakini katika duka la santuri usiiamini hata kidogo. Humo santuri nzuri hukaa kimya ndani ya jalada lililoraruka, na iliyoharibika hung'aa kama kioo. Mnunuzi ndiye anayepaswa kufungua macho. Katika makala haya nitaeleza santuri ni nini, yapatikana wapi na jinsi ya kuichagua. Kisha nitasema kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili.

Santuri ni nini?

Santuri ni sahani nyeusi ambayo sauti imechorwa juu yake. Ukiitazama utadhani ina duara mia na zaidi. Kumbe kila upande una mfereji mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati! Sindano hupita humo ikitikisika, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti.

Ziko aina tatu, nazo hutofautishwa kwa mizunguko yake kwa dakika. Ya 78 ndiyo kongwe. Hiyo haikutengenezwa kwa plastiki bali kwa gundi itokayo kwa wadudu, na ikianguka, basi, ni vipande. Ya 33, ambayo ni kubwa, ilitolewa Marekani mwaka 1948 na hubeba dakika 20 hivi kila upande. Ya 45 ilifuata mwaka 1949, nayo ina upana wa sentimita 18 hivi.

Hii ndogo ya 45 ndiyo iliyopendwa sana hapa Kenya katika miaka ya 1960 na 1970. Kwa kuwa nafasi yake ni finyu, wimbo mrefu wa rumba au benga ulikatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Mara nyingi maneno yako upande wa kwanza, na upande wa pili ni magitaa ya kuchezea. Kwa hivyo mwanafunzi wa lugha aanze na upande wa kwanza. Mwenye miguu miepesi naye ageuze!

Zapatikana wapi?

Zamani maduka ya santuri yalikuwa mengi mjini Nairobi, hasa River Road na mitaa ya karibu. Melodica, duka la Tom Mboya Street, lilifunguliwa mwaka 1971 na lilitoa hata santuri zake lenyewe. Kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, mtu aliweza kunakili wimbo kwa pesa kidogo tu. Santuri zikakosa wanunuzi, na maduka mengi yakafunga.

Hata hivyo, wapo walioshikilia. Katika Kenyatta Market, soko linalojulikana zaidi kwa nyama choma na kusuka nywele, kuna kibanda nambari 570. Jimmy Rugami alianza kuuza santuri humo mwaka 1989, yaani wakati wenzake wengi walipokuwa wakiziacha. Wapenzi wa santuri humfuata huko mpaka leo. Mimi nilipelekwa huko na mjomba wakati wa likizo. Kutoka Kanja tulishuka hadi Runyenjes, tukapita Embu na Mwea, tukaingia Nairobi tukiwa na njaa. Mjomba alitaka nyama kwanza. Nikamwambia, "Mjomba, nyama haitaisha, lakini santuri ikinunuliwa na mwingine ndiyo imeenda." Akacheka, akakubali.

Jinsi ya kuchagua

Kwanza, itoe santuri ndani ya jalada ukiishika kwa kingo. Vidole vina mafuta, na mafuta hushika vumbi.

Pili, iinamishe kwenye mwanga. Mikwaruzo myembamba kama unywele haina neno. Lakini mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha ukiugusa polepole, huo utarusha sindano, na mwimbaji atarudia neno moja kama kasuku.

Tatu, iinue sambamba na macho uone kama imepinda. Jua na joto ndivyo viipindavyo.

Nne, soma karatasi ya katikati uhakikishe kwamba santuri iliyomo ndiyo inayotajwa na jalada. Majalada hubadilishana wenyewe kama viatu vya wageni mlangoni!

Tano, omba ichezwe. Kuuliza si ujinga, na sikio halidanganywi na mng'ao.

Ukifika nyumbani, isimamishe wima kama kitabu. Usizilundike moja juu ya nyingine. Hapa kwetu karibu na mlima kuna baridi na unyevu, kwa hivyo usiziegemeze kwenye ukuta ulio na maji, la sivyo majalada yatashika kuvu.

Kwa nini inatuhusu?

Karatasi ile ya katikati ni ushahidi. Huandikwa jina la wimbo, la mwimbaji na mara nyingi la mtunzi. Kumbuka jinsi watu mbalimbali walivyodai kuutunga wimbo "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi. Katika ugomvi kama huo, karatasi ndogo huwa shahidi. Wageni nao wanajua thamani hiyo. Mwaka 2013 kampuni moja ya Uingereza, Soundway, ilikusanya nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 na kuzitoa upya kwa jina la "Kenya Special". Je, sisi tunangoja nini?

Nyumbani kwetu kuna sanduku la santuri za marehemu babu. Mnunuzi mmoja wa vitu vikuukuu alitaka kulichukua lote kwa bei ya chuma chakavu. Mama aliona ni sawa, maana hatuna hata mashine ya kuzichezea. Mjomba akasema zisikilizwe kwanza. Tulizipeleka kwa rafiki yake Runyenjes aliye na mashine. Moja kati yake inaimbwa na mwanamke kwa Kiembu, sauti safi kabisa, lakini karatasi ya katikati imefutika. Mjomba hakumtambua mwimbaji. Nyanya, ambaye angemtambua, alifariki miaka miwili kabla. Sanduku halikuuzwa, ila jina la mama yule hatunalo mpaka sasa. Nimeandika makala haya kwa sababu hiyo: santuri inaweza kungoja miaka hamsini, lakini wanaoijua hawangoji.

Zoezi

1. Tafuta santuri moja nyumbani au kwa jirani, kisha nakili kila neno lililo kwenye karatasi ya katikati.

2. Muulize mzee mmoja aeleze wimbo huo unahusu nini na ulichezwa wapi. Andika jibu lake kwa Kiswahili sanifu.

3. Leta daftari lako kwenye mkutano wa chama. Tutayaunganisha yote yawe orodha moja ya santuri za Kanja, na nakala tutaiweka maktabani.