Bibi Rosemary Lowe na Samaki wa Jina Moja

Wengi wetu hudhani kwamba mtu akijua jina la kitu amekwisha kukijua. Leo nataka kuwaeleza kwa kifupi habari za mtaalamu mmoja ambaye kazi yake yaonyesha kuwa sivyo. Alijifunza ikolojia ya maji baridi, yaani elimu ya viumbe wa maziwa na mito na jinsi wanavyoishi pamoja.

Rosemary Lowe alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1921. Alipomaliza Chuo Kikuu cha mji huo alifanya kazi penye ziwa Windermere, akichunguza mikunga wanaoshuka kutoka maji baridi kwenda baharini kuzaa. Mwaka 1945 akapelekwa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, achunguze samaki aitwaye chambo, ambaye watu wa huko humpenda sana.

Basi Bibi Lowe aliona kuwa chambo si samaki mmoja. Ni aina kadhaa zinazofanana mno wavuni, lakini wakati wa kuzaa tofauti zao huonekana wazi. Madume wa aina moja hugeuka rangi ya buluu na vichwa vyeupe, na wa aina nyingine huwa weusi. Dume hutengeneza kiota mchangani, na jike akisha kutaga huyachukua mayai kinywani mwake. Hata watoto wakisha kuanguliwa, wakiona hatari hukimbilia kinywani mwa mama yao. Tena kila aina ina majira yake na mahali pake pa kuzalia.

Pengine mtu atauliza, faida yake nini? Tuseme sheria imekataza uvuvi mwezi fulani ili samaki wazae. Ikiwa aina moja huzaa mwezi huo, na nyingine huzaa miezi mitatu baadaye, sheria itailinda ya kwanza na kuiacha ya pili iangamie. Wala hapana atakayejua, kwa kuwa sokoni zote huitwa chambo.

Mwaka 1948 alikuja Jinja, hapa Uganda, katika kituo cha kuchunguza uvuvi wa Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1947. Toka hapo alichunguza perege wa maziwa na mito mingi. Mwaka 1955 alichapisha maelezo ya perege wa mto Pangani na wa ziwa Jipe, waliokuwa hawajapewa majina ya kitaalamu.

Lakini mwaka 1953 alikuwa ameolewa na Bwana Richard McConnell, mtaalamu wa miamba. Kwa kanuni za utumishi wa kikoloni za siku zile, mwanamke akiolewa ilimpasa kujiuzulu. Naye akajiuzulu, ingawa mwanamume aliyeoa hakuambiwa aache kazi. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ilikuwa dhuluma, tena hasara kwa maziwa yetu. Hata hivyo hakuiacha elimu yake. Alipokwenda na mumewe Guyana, Amerika ya Kusini, alichunguza samaki wa mbuga za Rupununi, ambako mvua huunganisha maji yote, na kiangazi huwaacha samaki wamefungwa katika vidimbwi. Mwaka 1975 alitoa kitabu juu ya jamii za samaki wa maji baridi ya nchi za joto, na mwaka 1997 alipewa nishani ya Chama cha Linnaeus cha London. Alifariki mwaka 2014, mwenye miaka 93.

Sasa tutazame ziwa letu la Victoria. Ngege wa asili ndiye aliyekuwa samaki wa thamani kuliko wote. Uvuvi ulipozidi alianza kupungua. Kisha, katika miaka ya 1950 na iliyofuata, waliletwa samaki wageni, yaani mputa, ambaye Watanzania humwita sangara, na perege wa Nile. Leo ngege wa asili karibu ametoweka katika ziwa kubwa. Amebaki hasa katika maziwa madogo ya kando, kama Kanyaboli huko Kenya. Lakini nenda sokoni ukaulize ngege, utauziwa. Huyo aghalabu ni perege wa Nile, aliyerithi jina la mwenziwe.

Ndiyo maana nasema jina laweza kubaki na mwenye jina amekwisha. Enyi wenzangu mliozaliwa pwani za maziwa, na ninyi mliokwisha maliza shule mkawa walimu na maofisa, waulizeni wavuvi wazee: samaki huyu ana ndugu wangapi, huzaa wapi, na mwezi gani? Majibu yao yaandikwe kitabuni upesi, kabla wazee hao hawajatutoka.