Kunyooshwa Mgongo kwa Mikono: Mambo ya Kutarajia

Bidoni la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Ukilibeba kila asubuhi, na kuni jioni, iko siku mgongo utakukamata. Hapo majirani watakutajia mtu anayejua "kurudisha mifupa". Kabla hujalala kifudifudi mbele yake, soma haya.

Kusukuma mgongo kwa mikono ni tiba ya zamani. Huko Marekani, Daniel David Palmer aliifanya kuwa taaluma mwaka 1895, katika mji wa Davenport, nayo ikaitwa kairopraktiki. Kwetu huku, wa kumtafuta ni mtaalamu wa tiba ya viungo, yule watu humwita kine. Gitega kuna kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi ya viungo, CNAR. Ukiwa Muyinga, au kambini Kinama huko Gasorwe, anzia zahanati, uombe ushauri na karatasi ya rufaa.

Mtaalamu wa kweli hakushiki mara moja. Atakuuliza maumivu yalianza lini, kama ulianguka au kupigwa, kama una homa, kama umekonda, kama una mimba. Atakuinamisha, atapima nguvu za miguu yako na kukugonga goti. Asiyeuliza chochote, mwache, hata akiwa na sifa kambi nzima.

Kisha utalala. Ataweka viganja mahali palipokaza, atakuambia uvute pumzi na kuitoa, halafu atasukuma kwa ghafla, mwendo mfupi tu. Huenda ukasikia "ka!" Usishtuke. Hapo hakuna mfupa uliovunjika, wala uliorudi mahali pake. Ni kiputo cha hewa ndani ya majimaji ya kiungo. Usiposikia mlio, tiba haijaharibika. Kesho yake unaweza kuumwa kama mtu aliyelima kutwa. Kwa kawaida hupoa baada ya siku moja au mbili.

Usitarajie muujiza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitaja tiba hii kati ya zile zinazoweza kumsaidia mwenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno, pamoja na mazoezi na kukandwa. Mikanda ya kufunga kiuno, ambayo wengi huipenda, halikuipendekeza. Kulala kitandani wiki nzima nako hudhoofisha mgongo. Tembea kadiri unavyoweza.

Shingo ni jambo jingine. Usimruhusu mtu yeyote wa sokoni aizungushe kwa nguvu. Mara chache mshipa wa damu uendao kwenye ubongo huchanika, na mtu akapooza. Mzee mwenye mifupa dhaifu naye asisukumwe, wala aliyeanguka karibuni kabla hajapimwa.

Angalia sana maumivu yanayozidi usiku, yakiambatana na homa za jioni, jasho, kukonda, au nundu mgongoni. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mgongo huo ukisukumwa unaweza kuvunjika, ilhali dawa zake zipo, na hutolewa bure.

Na ukipata ganzi kati ya mapaja, ukashindwa kukojoa au kujizuia, au miguu ikalegea, usiende kwa mkandaji wala usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyohiyo, maana ukichelewa miguu hiyo huenda isirudi.