Kuhifadhi Mboga na Matunda katika Nyumba Isiyo na Jokofu

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu hutoka kliniki akiwa ameagizwa kula mboga na matunda kila siku. Agizo hilo ni sahihi: Shirika la Afya Duniani hupendekeza walau gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima. Hata hivyo, ni mara chache mgonjwa huulizwa soko liko umbali gani, au kama ana jokofu. Anayekwenda gulioni mara moja kwa juma hula mchicha mbichi siku ya kwanza, hula ulionyauka siku ya pili, na siku ya tatu huutupa.

Mboga iliyochumwa ingali hai. Huendelea kupumua, yaani kutumia sukari yake na kutoa joto, mvuke na hewa ya ukaa. Na joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi hiyo huongezeka takribani mara mbili hadi tatu. Majani mapana kama ya mchicha na matembele hupoteza maji upesi, na vitamini C hupungua sambamba na kunyauka huko. Ndiyo maana kivuli ni dawa ya kwanza.

Penye hewa kavu, kama Dodoma na Singida wakati wa kiangazi, njia ninayoipendelea ni ya vyungu viwili. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, nafasi iliyo kati hujazwa mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, na juu hufunikwa kwa kitambaa kibichi. Maji yanayopenya ukuta wa nje hugeuka mvuke na kuondoka na joto la ndani. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alitunukiwa Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kuieneza njia hii. Chungu cha nje kisipakwe rangi, kwani vinyweleo vikiziba hakuna ubaridi.

Pwani ni tofauti. Hewa ya Tanga au Dar es Salaam ina unyevu mwingi, hivyo mvuke hautoki kwa urahisi. Si haki kumtuma mgonjwa wa huko akanunue vyungu. Huyo ashauriwe kupanga ulaji wake: mboga za majani ziliwe siku mbili za mwanzo, kisha zifuate bamia na nyanya, na mwisho kabichi, karoti na boga, ambavyo hudumu zaidi.

Ndizi mbivu, papai na parachichi hutoa gesi ya etilini, ambayo wanaovundika ndizi huitumia hata wasipoijua jina. Vikikaa kapu moja na mchicha, majani hugeuka manjano kabla ya wakati. Viazi mviringo navyo vitunzwe gizani. Vilivyogeuka kijani vina solanini, ambayo ni sumu.

Tunda lililokatwa lahitaji uangalifu zaidi. Kisu huingiza vijidudu vya ganda katika nyama ya tikitimaji au papai, ambako asidi ni kidogo na sukari ni tele. Lioshwe kwa maji safi kabla tu ya kukatwa, na likikaa nje ya jokofu zaidi ya saa mbili litupwe. Kwa mjamzito, mtoto mchanga aliyeanza kula, au mgonjwa anayetibiwa saratani, ni afadhali kununua tunda dogo linalokwisha kwa mlo mmoja, kama chungwa au ndizi, na limenywe wakati wa kuliwa.