Mzazi Akipatwa na Hatari: Somo kwa Sharika

Katika Mwanzo 35 twasoma habari za Raheli, aliyeshikwa na utungu njiani karibu na Efrathi, akafa akiisha kumzaa mwana wake wa pili. Mkunga alikuwapo, akamtia moyo, lakini maneno ya faraja hayakumponya. Tena kitabu hakituambii ni nani aliyemnyonyesha Benyamini siku ile. Swali hilo tulijifunza kuliuliza mwaka jana, tulipokaa na jamaa changa moja ya usharika wetu katika shida yao.

Mke alijifungua mtoto wake wa kwanza katika zahanati, na wote wakashukuru. Saa moja haijapita, damu ikaanza kumtoka kwa nguvu. Yapasa kila mwenye nyumba ajue jambo hili: damu ikizidi nusu lita baada ya kuzaa, ni hatari, na mara nyingi sababu yake ni tumbo la uzazi kulegea badala ya kujikaza. Mkunga alimchoma sindano ya oksitosini, dawa ambayo hutunzwa katika ubaridi wa digrii 2 hata 8, akasema apelekwe hospitali upesi. Ndipo wazee wa pande mbili wakaanza shauri la nauli ya gari. Upande wa mume walisema hivi, upande wa mke vile, na nusu saa ikapotea. Hata sisi tuliokuwapo hatukukumbuka kwamba katika Tanzania namba 115 hupigwa bila malipo, ili mama mzazi au mtoto mchanga atafutiwe usafiri. Twaona haya kuandika hayo, walakini ni kweli. Tangu mwaka 2017 imejulikana kwamba dawa iitwayo asidi ya traneksami huokoa wengi wanaotokwa na damu, ikiwa watapewa kabla ya saa 3 kupita tangu kujifungua. Basi nusu saa si kitu kidogo.

Hospitalini aliongezewa chupa tatu za damu. Damu haifanywi kiwandani. Hutoka katika mkono wa mtu. Vijana sita wa kwaya walikwenda kutoa, wakarudi siku ile ile kazini. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila miezi 3, na mwanamke kila miezi 4. Tangu hapo twawahimiza vijana watoe kabla ya kusikia kilio cha mtu, maana damu iliyo tayari ndiyo humfaa mgonjwa wa usiku.

Sasa habari za nyumbani. Siku tatu za kwanza watu walijaa. Kila mmoja alileta chakula, kikachacha. Kila mmoja alimwomba yule baba kijana asimulie habari tangu mwanzo, naye alikuwa hajalala. Juma la pili hakuja mtu. Ng'ombe hakukatiwa majani, na kijana alikuwa akishinda hospitalini bila kula, akiona haya kusema. Mama mmoja mzee ndiye aliyetuokoa na upumbavu wetu. Alichukua daftari, akaandika zamu: wa kupika, wa kuchota maji, wa kulisha ng'ombe, wa kulala hospitalini ili mume apumzike usiku. Fedha zote zikawekwa mkononi mwa mzee mmoja, na kijana akaambiwa kiasi chake, asije akaomba kwa mmoja mmoja. Zamu zikaandikwa za majuma sita.

Kwa nini sita? Kwa sababu hatari haiishi siku ya kutoka hospitali. Mzazi akiumwa sana na kichwa na macho yake yakaona giza, akipata homa, akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, akivimba mguu mmoja, au akihema kwa shida, arudishwe upesi. Akishikwa na degedege, asipelekwe kupungwa pepo. Ni kifafa cha uzazi, ambacho chaweza kuja hata baada ya kujifungua, nacho kina dawa yake, ndiyo magnesiamu. Tena mama akilia kila siku, akamkataa mtoto, au akasema heri afe, asikemewe kuwa hana shukrani. Huo nao ni ugonjwa, na aliyeponea chupuchupu huweza kuupata. Asiachwe peke yake, bali apelekwe kwa mganga.

Juu ya mtoto palitokea mabishano. Bibi yake alitaka kumpa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, kama alivyowalea wanawe. Muuguzi hakumwaibisha. Alimwita karibu, akamwonyesha jinsi ya kuyakamua maziwa ya mama kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe safi. Maziwa huweza kuchelewa kwa mama aliyepoteza damu nyingi. Kwa hiyo mtoto awekwe kifuani pake mara kwa mara, na kama hayatoshi, waganga ndio waseme apewe nini. Toka siku hiyo bibi mwenyewe alikuwa akiwafukuza waliokuja na uji.

Mama yule alipewa vidonge vya madini ya chuma, akakatazwa kuvimeza pamoja na chai, akaletewa maharage, mchicha na maini. Mtoto sasa ana meno mawili. Deni la gari la usiku ule bado halijaisha. Mzee wa fedha hulipunguza kila mwisho wa mwezi, na daftari la zamu limekwisha kupelekwa nyumba nyingine.