Fizikia ya Bastola ya Upepo ya Springi

Jina la bastola ya upepo huwafanya wengi wadhani kuwa ndani ya chombo hicho mna hewa iliyohifadhiwa kwa nguvu, kama ile iliyomo katika gurudumu la baiskeli. Kwa bastola za springi dhana hiyo si sahihi. Kabla ya kufyatuliwa, hewa iliyomo ndani yake ni ya kawaida, yenye kanieneo sawa na hewa ya chumbani. Kinachohifadhi nishati ni springi ya chuma. Hewa ni mjumbe tu: huipokea nishati kutoka kwa springi na kuikabidhi kwa risasi katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Makala haya yaeleza safari ya nishati hiyo, na kuonyesha kwa nini mwenye bastola ya zamani ya aina hii hana budi kuitunza kwa uangalifu na kuiheshimu kama silaha.

Chimbuko

Mfano unaofaa ni bastola za kampuni ya Webley & Scott ya mjini Birmingham, Uingereza, iliyokuwa imekwisha kupata sifa kwa kuliundia jeshi la nchi hiyo bastola za baruti. Mwaka 1920 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomtaka raia apate cheti kwanza ndipo amiliki bastola ya baruti. Silaha za kawaida za upepo hazikuwekewa sharti hilo. Mwaka 1924 kampuni hiyo ilitoa bastola yake ya upepo iliyoitwa Mark I, iliyobuniwa na Douglas Johnstone na John Fearn. Baadaye zilifuata Senior mwaka 1930, Premier mwaka 1964, Hurricane mwaka 1975 na Tempest mwaka 1979. Utengenezaji wake nchini Uingereza ulikoma mwaka 2005. Siku hizi bastola hizo hukusanywa na wapenda vyombo vya kale, na nyingi kati yake bado hupiga vizuri.

Muundo na kukoki

Mtutu wa bastola hizi umelala juu ya silinda, nao umeungwa na silinda hiyo kwa bawaba upande wa mbele. Mpigaji hufungua kitasa kilicho nyuma, kisha huuinua mtutu na kuupindua kuelekea mbele. Mtutu wenyewe ndio wenzo, na bawaba ndiyo egemeo. Kiungo cha chuma huivuta pistoni kwenda mbele ndani ya silinda, springi ikabanwa, hata pistoni inaswe na ndoana ya kifyatuo. Ndipo risasi ndogo ya milimita 4.5 au 5.5 hutiwa katika tundu la nyuma la mtutu, na mtutu hurudishwa mahali pake.

Chukulia kuwa pistoni husafiri sentimita 4, na kwamba kani ya wastani ya springi ni nyutoni 300. Kazi inayofanywa ni:

Kazi = kani × umbali = 300 × 0.04 = jouli 12.

Kani ya nyutoni 300 ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 30 hivi. Lakini kwa kuwa mkono husafiri mbali zaidi kuliko pistoni, mpigaji hahitaji kani kubwa hivyo. Mkono ukisafiri sentimita 30, kani ya wastani inayohitajika, pasipo kuhesabu msuguano, ni 12 ÷ 0.30 = nyutoni 40. Kinachopungua ni kani, si kazi. Hiyo ndiyo kanuni ya wenzo.

Kufyatua: hewa hugeuka moto

Kifyatuo kikivutwa, springi huisukuma pistoni kwa kasi. Hewa iliyo mbele ya pistoni haina pa kutokea ila katika tundu jembamba linaloelekea mtutuni, na tundu hilo limezibwa na risasi. Kwa hiyo hewa hugandamizwa. Kila mwanafunzi aliyewahi kujaza gurudumu la baiskeli anajua kuwa pampu hupata joto upande wa chini. Sababu ni hiyo hiyo: kazi inayofanywa juu ya hewa huongeza nishati ya molekuli zake.

Tofauti ni kwamba pampu huenda polepole, na joto hupata nafasi ya kutoroka. Katika bastola tendo zima huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, hata joto halipati muda wa kutosha kutoka. Kwa mgandamizo usiopoteza joto, halijoto ya hewa, ikipimwa kwa kelvini, huongezeka kufuatana na uwiano wa ujazo uliopandishwa kwa kipeo 0.4. Ikiwa hewa ya kelvini 300 (nyuzi 27 za sentigredi) itabanwa hata ibaki sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, basi:

Halijoto mpya = 300 × 10^0.4 = kelvini 750 hivi, yaani karibu nyuzi 480 za sentigredi.

Kanieneo nayo haipandi mara 10 tu, kama ambavyo ingekuwa halijoto isingebadilika, bali hupanda mara 10^1.4, yaani karibu mara 25. Katika bastola halisi kiasi fulani cha joto hupotea katika kuta za silinda, lakini hesabu hii yaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe.

Ndiyo sababu mafuta mepesi hayafai kutiwa ovyo ndani ya silinda. Mafuta hayo, yakichanganyika na hewa yenye moto namna hiyo, huweza kuwaka yenyewe, sawa na yafanyavyo mafuta ya dizeli katika injini ya lori. Mlipuko huo huweza kuvunja springi na kuharibu pistoni. Waingereza wawili, baba na mwana, G.V. Cardew na G.M. Cardew, ambao kitabu chao kuhusu bunduki za upepo kilitoka mwaka 1995, waliifyatua bunduki ya springi ndani ya gesi ya nitrojeni, isiyoruhusu kitu kuungua. Mwendokasi wa risasi ulipungua sana. Hivyo ikadhihirika kuwa hata katika upigaji wa kawaida kiasi kidogo cha kilainishi huungua na kuongeza nguvu.

Hesabu ya nishati

Risasi ya gramu 0.5 ikitoka kwa mwendokasi wa mita 120 kwa sekunde, nishati yake ya mwendo ni:

½ × 0.0005 × 120 × 120 = jouli 3.6.

Kati ya jouli 12 za springi, ni asilimia 30 tu iliyofika kwenye risasi. Sehemu iliyobaki imekwenda katika msuguano, katika joto la kuta za silinda, katika mtikisiko wa springi, na katika sauti.

Mtikisiko huo una tabia ya pekee. Katika bastola hizi za Webley pistoni hukimbia kuelekea nyuma. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, mwili wa bastola husukumwa mbele. Pistoni inaposimamishwa na mto wa hewa iliyogandamizwa, bastola hurushwa nyuma. Mtikisiko huanza kabla risasi haijatoka mtutuni. Kwa hiyo mpigaji stadi haikabi bastola kwa nguvu, bali huishika kwa namna ile ile kila mara, ili nayo isogee kwa namna ile ile kila mara.

Utunzaji

Mambo matatu yafuata kutokana na fizikia iliyoelezwa. Kwanza, bastola isifyatuliwe bila risasi. Risasi ndiyo inayoizuia hewa na kufanya mto wa kuipokea pistoni. Isipokuwapo, hewa hutoroka na pistoni hugonga mwisho wa silinda. Pili, isiachwe imekokiwa kwa muda mrefu, kwa kuwa springi inayokaa imebanwa huchoka na kufupika. Tatu, vizibo viangaliwe. Bastola nyingi za zamani zilitumia ngozi, ambayo ikikauka huvujisha hewa, na nguvu ya risasi hupungua.

Si mchezo wa watoto

Jouli 3.6 huonekana chache, lakini zimekusanywa katika eneo dogo kuliko ukucha. Zatosha kabisa kupofusha jicho, na risasi iliyokosa shabaha huweza kwenda zaidi ya mita 100. Pengine risasi ikigonga ukuta mgumu hurudi kwa mpigaji. Miwani ya kinga ni ya lazima, na nyuma ya shabaha pawepo kizuizi cha kuinasa risasi. Risasi nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, yaliyo sumu. Mikono ioshwe kabla ya kula. Aidha, mtutu uliofunguliwa ushikwe imara wakati wa kutia risasi, kwani ndoana iliyolika huweza kuachia na mtutu ukajifunga kwa kishindo juu ya vidole.

Sheria nayo imeutambua uzito wa jambo hili. Huko Uingereza bastola ya upepo inayozidi jouli 8.1 hivi huhesabiwa kuwa ya hatari ya pekee, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kununua silaha ya upepo. Katika Scotland, tangu 31 Desemba 2016, mwenye silaha ya upepo hutakiwa kuwa na cheti. Kila nchi ina sheria zake. Anayeirithi au kuiokota bastola kuukuu aiulize polisi kwanza, kabla ya kuigusa springi yake.

Maswali

1. Kwa nini pampu ya baiskeli haifikii halijoto ya silinda ya bastola, ingawa zote mbili hugandamiza hewa?
2. Springi iliyochoka inatoa kani ya wastani ya nyutoni 200 badala ya 300. Ikiwa bado asilimia 30 ya nishati hufika kwenye risasi ya gramu 0.5, mwendokasi wake utakuwa mita ngapi kwa sekunde?
3. Mwendokasi wa risasi ukipungua nusu, nishati yake hupungua kwa kiasi gani? Je, jibu hilo lamfanya mpigaji aweze kuivua miwani?