Kivumishi cha Kuazima: Aina za Maneno za Kiingereza katika Sarufi ya Kiswahili

Mwanafunzi wa ualimu anayetoka Chepkoilel kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Uasin Gishu hubeba orodha ya aina nane za maneno: nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi. Orodha hii inalandana mno na ile ya Kiingereza, wala si kwa sadfa. Edward Steere, mmishenari Mwingereza aliyeishi Unguja, alipochapisha mwongozo wake wa Kiswahili mwaka wa 1870, aliipanga sarufi kwa sura za aina hizo za maneno. Kiingereza nacho kilikuwa kimeirithi kutoka Kilatini, na Kilatini kutoka kwa Wayunani. Je, vazi hilo linakikaa Kiswahili sawasawa?

Linapobana zaidi ni kwenye kivumishi. Mashina yanayosifu moja kwa moja na kupokea viambishi vya ngeli, kama vile -zuri, -baya, -refu na -dogo, si mengi. Mengi yanayoelezwa kwa neno moja katika Kiingereza, Kiswahili huyaeleza kwa a-unganifu (chakula cha moto, mtoto wa kiume, shati la kijani) au kwa kitenzi chenye kirejeshi (mahindi yaliyokauka).

Basi katika "shamba la mahindi", "la" ni neno la aina gani? Shule za Kenya hufundisha kwamba "la mahindi" ni kivumishi cha a-unganifu. Wapo wanasarufi wanaoliita "la" kihusishi, kwa kuwa linahusisha nomino mbili. Mtahiniwa aliyesomea kitabu cha upande mmoja, akasahihishwa na mwalimu wa upande wa pili, hupoteza alama ilhali lugha anaijua barabara.

Pande zote mbili zina hoja, ila kila upande umeacha kitu. Kihusishi cha Kiingereza hakijui ngeli. "La" inaijua: shamba la, mashamba ya, kiwanja cha. Kuiita kihusishi bila kutaja upatanisho huo ni kufasiri Kiingereza tu. Kwa upande mwingine, kinachojibu swali "shamba lipi?" si "la" pekee bali kirai kizima, "la mahindi". Kwa hiyo ni bora mwalimu atenganishe aina ya neno na kazi ya kirai, na msahihishaji akubali jibu lililoeleza tofauti hiyo.

Ikumbukwe kwamba Dionysius Thrax, Myunani anayehusishwa na orodha ya kale ya aina nane, hakukitenga kivumishi. Kilihesabiwa ndani ya nomino kwa sababu kilibeba viishio vyake. (Mswahili asemaye "wazuri wamefika" angemwelewa mara moja.) Naye E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka wa 1944, aliijenga kazi yake juu ya ngeli na viambishi badala ya kufuata orodha ile.

Zoezi: Ainisha neno "vizuri" katika "viti vizuri vimeletwa", "vizuri vimeletwa" na "anaimba vizuri". Toa sababu za kila jibu pasipo kutumia tafsiri ya Kiingereza.