Jinsi Mafuta Yanavyokusanyika Chini ya Ardhi

Watu wengi hudhani ya kuwa mafuta hukaa chini ya ardhi kama ziwa. Sivyo. Hukaa ndani ya vitundu vya mawe ya mchanga, kama maji katika sifongo. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji yaliyomo humo, hupanda polepole mno, mpaka yazuiwe na mwamba wa udongo ulioshindiliwa. Hapo gesi hukaa juu, mafuta katikati, maji chini. Pasipo kizuizi, hutokea juu ya nchi na kupotea.

Huko Lokichar, Turkana, kizuizi kimo kando ya ufa mkubwa, ambapo ardhi ya upande mmoja ilididimia; ndipo kisima cha Ngamia-1 kilipopata mafuta mwaka 2012. Mchimbaji akipakosa mahali pa namna hiyo, fedha zake zote huishia katika maji matupu.